Evo Trail za MSR njiani: kutoka Heart Lake hadi Avalanche Lake

Kwa njia za msituni zilizokwisha kukanyagwa, zenye mawe, mizizi na vipande vya barafu, Evo Trail ya MSR ni kiatu cha theluji ambacho ni vigumu kukikosoa kwa bei yake. Kwa theluji changa inayofika magotini ni kifupi mno, na hilo halifichiki. Malalamiko mengi yanayosikika juu yake, ukiyachunguza, chanzo chake ni mambo mawili: mtu hakupiga hesabu ya uzito wake pamoja na mzigo, au mikanda ilifungwa ovyo.

Tuelewane kwanza juu ya jina. Viatu vya theluji vinavyozungumziwa hapa si yale mabuti mazito ya baridi ambayo kila aliyehamia Syracuse, Utica au Burlington, miji ya kaskazini mashariki mwa Marekani, hununua mapema. Hivi ni vibao vipana vinavyofungwa chini ya buti ili uzito usambae na mguu usididimie. Ni akili ile ile ya kutandika ubao juu ya tope ili watu wapite.

Evo Trail ni kipande kimoja cha plastiki ngumu: urefu sentimita 56, upana sentimita 20, na jozi nzima ina uzito wa kilo 1.6 hivi. Haina fremu ya bomba la alumini wala kitambaa kilichotandazwa katikati kama vilivyo viatu vingine vingi. Chini kuna reli mbili za chuma zenye meno, moja kila upande, zinazofuata urefu wa kiatu. Chini ya vidole kuna meno mengine ya chuma yanayozunguka pamoja na mguu, na plastiki yenyewe imefinyangwa matuta ya kukingama ambayo hufanya kazi ya breki wakati wa kushuka. MSR, kampuni iliyoanzia Seattle mwaka 1969, ilitoa kiatu chake cha plastiki cha Denali mwaka 1995. Evo ni wa ukoo huo, na ukiviweka viwili hivyo sakafuni undugu unaonekana.

Sasa hesabu ya uzito, maana hapa ndipo wengi wanapokosea dukani. Kiwango kinachotajwa na mtengenezaji ni kilo 82, na hizo ni pamoja na kila kitu ulichobeba. Chukua mtu wa kilo 72. Mabuti na nguo za baridi, kilo 4. Begi la siku moja lenye maji, chakula, themosi na koti la akiba, kilo 8. Tayari ana kilo 84, naye alinunua akiamini ana nafasi ya kilo kumi. Kwenye njia iliyoshindiliwa hatagundua lolote, lakini siku theluji changa ikianguka usiku kucha ataanza kuzama kila hatua na kukilaumu kiatu. Dawa yake ni mikia ya nyongeza, inayouzwa kando: inaongeza sentimita 15 nyuma na kukifikisha kiatu kilo 113. Hufungwa bila chombo chochote, hivyo unaweza kuibeba kwenye begi na kuiweka pale tu inapohitajika. Mtu wa zaidi ya kilo 70 aihesabu mikia kuwa sehemu ya bei tangu mwanzo.

Mahali pa kukipima kiatu cha namna hii ni High Peaks, katika milima ya Adirondack kaskazini mwa jimbo la New York, kilomita chache kutoka Lake Placid, mji ulioandaa Olimpiki za majira ya baridi mwaka 1932 na 1980. Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Katika pori la High Peaks, theluji ikifika inchi 8, yaani sentimita 20, ni lazima uvae viatu vya theluji au ski, vile vibao virefu vyembamba vya kutelezea, na askari wa misitu wa jimbo wana mamlaka ya kukuandikia faini. Wageni wengi huiona sheria hii kama usumbufu, hasa njia inapokuwa ngumu kama sakafu na buti tupu linapita vizuri asubuhi. Shida huja mchana. Jua likishalainisha uso wa theluji, mtu mwenye mabuti tupu huzama hadi pajani, akaacha shimo. Usiku shimo hilo huganda, na kesho yake kila anayepita, awe na ski au viatu vya theluji, ana hatari ya kuteguka kifundo. Vaa viatu hata kama unaona huvihitaji. Anayenufaika ni anayekuja nyuma.

Sababu ya pili ni kwamba njia ya kutoka Heart Lake hadi Avalanche Lake ina karibu kila aina ya ardhi ndani ya kilomita 8 za kwenda. Mwanzo wake uko kwenye Adirondack Loj, nyumba ya wageni ya ADK, klabu ya wapanda milima wa Adirondack. Tahajia hiyo, Loj badala ya Lodge, si kosa la kibao. Imetokana na Melvil Dewey, yule wa mfumo wa kupanga vitabu maktabani, aliyetaka Kiingereza kiandikwe kinavyotamkwa. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa. Kwetu ingeandikwa loji tangu siku ya kwanza. Kituo cha wageni cha hapo hukodisha viatu vya theluji, na kwa anayekwenda mara moja au mbili kwa msimu, kukodi kuna maana kuliko kununua. Maegesho ni ya kulipia na mwisho wa wiki hujaa mapema, kwa hiyo panga kufika kabla ya saa mbili asubuhi.

Kabla ya kufunga chochote: usiviache viatu ndani ya gari lenye joto hadi dakika ya mwisho. Chuma chenye vuguvugu kikigusa theluji, theluji huyeyuka, kisha maji yale huganda juu ya chuma, na kuanzia hapo kila hatua huongeza donge. Viweke nje wakati unavaa mabuti na kujiandikisha kwenye daftari la mwanzo wa njia. Dakika kumi na tano zinatosha vipoe.

Kufunga kwenyewe kunataka utulivu. Legeza mikanda yote kabisa. Weka kiatu mahali tambarare, ingiza buti, na hakikisha sehemu pana ya wayo, pale vidole vinapoanzia, imekaa juu ya ekseli inayozunguka. Inua kisigino: ncha ya buti inatakiwa kuzama ndani ya uwazi wa mbele bila kugusa ukingo wa plastiki. Ikigusa, umeuweka mguu mbele mno, na utajikwaa kila unapopanda. Ikibaki nyuma sana, meno ya chini hayatachimba unapoyahitaji. Ukisharidhika, kaza mikanda ya mbele kwanza, ndipo ufuate wa kisigino, ambao unapaswa kukaa juu ya ukingo wa soli bila kuteleza kuelekea kifundo. Vifungo viwe upande wa nje wa mguu. Vikiwa ndani, mguu mmoja utanasa kwenye mwingine.

Mikanda ya Evo ni ya mpira wenye matundu, na hapa inastahili sifa zake. Haifyonzi maji, kwa hiyo haigandi ikawa kama mti, na hata asubuhi ya nyuzi 20 chini ya sifuri bado inavutika. Unaweza kuifunga ukiwa na glavu nyembamba. Ncha inayobaki ichomeke kwenye kishikizo chake. Ukiiacha ikining'inia, vichaka vitaivuta na mkanda utafunguka. Baada ya dakika kumi za kutembea simama ukaze tena, maana buti linakuwa limeshakaa na theluji iliyokuwa chini ya soli imeshashindiliwa. Wasiofanya hivyo ndio wanaosema kiatu hiki kinachomoka mguuni.

Kilomita 3.7 za kwanza, hadi Marcy Dam, ni msitu wa mibetula yenye magome meupe yanayobanduka kama karatasi, ukichanganyika na misonobari kadiri unavyoendelea. Fuata vibao vya duara vya bluu. Baada ya kilomita 1.5 hivi kuna njia panda: kulia ni kwenda Algonquin, mlima wa mita 1,559, kushoto ni Marcy Dam. Hapa njia huwa imekanyagwa na mamia ya watu, na Evo inakwenda kama kiatu cha kawaida. Upana wa sentimita 20 hukuruhusu kutembea bila kutanua miguu kama mtu aliyetoka kupanda farasi siku nzima. Kasoro inayoonekana hapa ni kelele. Plastiki ngumu juu ya theluji iliyoganda hukwaruza na kupiga kama mtu anayeburuta beseni, na watu wawili wakiandamana hawasikilizani. Viatu vya fremu na kitambaa ni vya kimya zaidi. Anayekwenda msituni kwa ajili ya ndege na ukimya alijue hilo kabla ya kutoa pesa.

Bwawa lenyewe la Marcy halipo tena. Mafuriko ya kimbunga Irene, Agosti 2011, yalilivunja, na mabaki ya ukuta wa mbao yakaja kuondolewa. Daraja la kuvukia sasa liko chini kidogo ya pale lilipokuwa, na madaraja ya namna hii yana mtego wake wakati wa baridi: theluji hushindiliwa katikati ya mbao ikawa mgongo mwembamba ulioinuka juu, na anayekanyaga pembeni ya mgongo huporomoka upande. Pita mmoja mmoja, polepole, fimbo mikononi.

Kutoka Marcy Dam vibao ni vya njano. Baada ya kambi ya Avalanche Camp njia huinuka ghafla, na hapa ndipo meno ya Evo yanapojilipa. Kwenye theluji laini piga ncha ya mguu ndani ya mteremko kama unayetengeneza ngazi, halafu simama juu yake. Kwenye theluji ngumu fanya kinyume: weka kiatu chote bapa ili reli na meno ya mbele vishike kwa pamoja. Kosa la kawaida ni kupanda kwa vidole kwenye theluji ngumu. Hapo ni meno machache tu yanayoshika, na mguu unarudi nyuma. Unapokata mteremko kwa upande, zile reli mbili huzuia kiatu kuteleza kuelekea bondeni, jambo ambalo viatu vingi vya fremu ya bomba la mviringo hushindwa.

Kinachokosekana kwenye mpando huu ni kile chuma kidogo cha kuinulia kisigino. Evo Trail haina. Kwenye mlima mrefu misuli ya nyuma ya miguu italalamika, na anayepanga kupanda vilele hasa atazame Evo Ascent, yenye mwili huo huo pamoja na chuma hicho, au Lightning Ascent, yenye fremu ya alumini ambayo ukingo wake wote ni meno. Evo Trail ni karibu nusu ya bei ya hiyo ya pili. Kwa mpando huu pekee, wa kwenda Avalanche Pass, ule mwanya kati ya milima kabla ya ziwa, hatuoni sababu ya kulipa tofauti hiyo.

Kuna njia ya ski inayokwenda sambamba na ya waendao kwa miguu kwenye mpando huu. Usiikanyage. Anayeshuka kwa ski hana pa kukukwepa, na mashimo ya viatu huiharibu.

Juu kwenye Avalanche Pass msitu unabanwa na kuta za miamba. Septemba 1999 mvua za kimbunga Floyd ziliporomosha upande wa mlima Colden hadi kwenye njia, na jeraha lake bado linaonekana. Jina la mahali hapa, Avalanche, yaani poromoko la theluji, lichukuliwe kwa uzito: mnamo Februari 2000 mtelemka-ski mmoja alifariki katika poromoko la theluji kwenye mlima jirani wa Wright. Njia yenyewe ya msituni ni salama zaidi kuliko ile miteremko mitupu isiyo na miti, hivyo usipande kwenye jeraha lolote la mlima kwa ajili ya picha. Ukifika ziwani, Avalanche Lake iliyobanwa kati ya miamba miwili, watu wengi huendelea juu ya barafu. Fanya hivyo tu katikati ya msimu na palipo na nyayo mpya, ukijiepusha na midomo ya vijito ambako barafu huwa nyembamba. Kwa safari ya siku, mwanzo wa ziwa unatosha kabisa. Upepo wa hapo unakata, basi vaa koti la akiba kabla hujaanza kutetemeka.

Kurudi ni mteremko, na mteremko una sheria yake. Piga magoti kidogo, weka kiatu bapa, uzito juu ya mguu. Ukiegemea nyuma kwa woga, matuta ya breki yanakosa uzito, mkia unageuka ubao wa kuteleza na wewe unakaa chini. Usijaribu kutembea kinyumenyume, mkia utachimba na kukuangusha. Geuka kwa hatua ndogo za kuzunguka. Na angalia usikanyage kiatu kimoja kwa kingine, hasa saa tisa alasiri miguu ikishachoka.

Madonge ya theluji chini ya kiatu ndiyo kero kubwa zaidi siku ambazo joto linacheza karibu na sifuri. Theluji yenye unyevu hunata kwenye meno ya chini ya vidole, donge linakua hadi unatembea kama mwenye kisigino kirefu kilichohamia mbele, na meno hayagusi tena ardhi. Gonga ubavu wa kiatu kwa fimbo kila hatua kadhaa, kabla donge halijawa barafu. Kupuliza silikoni kwenye chuma nyumbani husaidia kwa saa mbili tatu, si siku nzima. Plastiki ya Evo haishiki theluji sana. Tatizo liko kwenye chuma, na kila chapa sokoni ina tatizo hilo.

Nje ya njia kuna hatari isiyoonekana. Misonobari midogo hufunikwa kabisa na theluji, na matawi yake huacha uwazi chini. Mtu hukanyaga uso ulio laini na mzuri, akatumbukia hadi kiunoni, na kiatu kikanasa chini ya tawi. Usivute kwa nguvu, utavunja mkanda au goti. Chimba kwa mkono hadi ukione kiatu, legeza kisigino, toa mguu kwanza, kisha kiatu. Tahadhari rahisi ni kubaki njiani, na theluji ikiwa ya kina kirefu fahamu kwamba vibao vya kuonyesha njia, ambavyo kiangazi viko juu ya kichwa, vinaweza kuwa kifuani au vimefunikwa.

Kwa mwendo, kadiria kilomita 3 kwa saa kwenye njia iliyoshindiliwa, na nusu yake au chini ya hapo ukivunja njia mpya kwenye sentimita 30 za theluji. Kundi livunje kwa zamu: wa mbele anakwenda dakika tano hadi kumi, anasogea kando, anaingia mwisho wa mstari. Jua la Desemba huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo ikifika saa saba mchana hujafika ziwani, geuka. Taa ya kichwani iwe mfukoni, si chini ya begi, kwa kuwa betri hudhoofika kwa baridi. Simu nayo usiitegemee. Mtandao unapatikana hapa na pale tu.

Nguo kwa kifupi: hakuna pamba, hata chupi. Anza safari ukihisi baridi kidogo, maana baada ya robo saa utakuwa na jasho, na jasho likiganda mgongoni ndilo linalorudisha watu nyumbani. Chupa ya maji ibebwe kichwa chini, kwa sababu maji huganda kuanzia juu, na hivyo mdomo unabaki wazi. Mpira wa kunywea wa begi la maji utaziba ndani ya saa moja. Chapati iliyoviringishwa ikae ndani ya koti karibu na mwili, chai ya tangawizi kwenye themosi. Fimbo ziwe na visahani vipana vya theluji. Vile vidogo vya kiangazi huzama hadi kwenye mpini.

Asiyewahi kuvaa viatu hivi asianze na kilomita 16 za kwenda na kurudi. Mlima Jo uko hapo hapo Heart Lake, mita 877 tu, mpando wa mita 210 hivi, na juu yake unaliona ziwa chini ya miguu na Algonquin mbele. Panda kwa njia ndefu, ndiyo yenye mwinuko mpole.

Nyumbani, kausha viatu mbali na hita, legeza mikanda yote isilale imevutwa mwaka mzima, na tazama matundu yake: ufa huanzia kwenye tundu unalolitumia zaidi. Mkanda hubadilishwa peke yake bila kutupa kiatu, na mmoja wa akiba hauna uzito wa kuhisi kwenye begi. Meno yaliyobutuka kwa mawe yanoe kwa tupa ya mkono, viboko vichache kila upande. Mashine ya kunolea hulichoma chuma na kulilegeza.